Mbegu kwenye Kanga ya Haula

Mocímboa da Praia

Jumamosi, 3 Mei 2014

Marehemu mume wangu alikuwa karani bandarini, na alipokufa hakuniachia nyumba ya mawe wala mashua, aliniachia madaftari tisa yasiyoandikwa kitu. Kila msimu wa mavuno naandika moja. Aliyenishauri ni mwalimu Saide, mkuu wa shule yetu. Alisema kwa jinsi ninavyoyakumbuka mambo ya watu, heri niyaandike kuliko niyaseme. Neno lake hilo nimeliandika pia.

Mwaka huu mvua haitaki kuondoka. Mpunga wangu wa bondeni, njia ya Awasse, umelala nusu, na ndege wanaula bila hata kujichosha. Nyumbani tuko watatu: mimi Zubeida, mdogo wangu Haula aliyerudi kutoka Mtwara mwaka juzi baada ya kuachwa na Shaibu, na mjukuu wangu Laila wa miaka kumi. Mama yake Laila yuko Palma, anawapikia watu wa kampuni za gesi.

Haula amefua kanga zake leo, na mbingu imenuna. Nimemwambia zitaozea kambani. Akazianika vilevile.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Haula amefua tena. Mche wa sabuni haumalizi wiki humu ndani.

Alhamisi, 8 Mei

Kurwa amekuja na habari. Huyu ni mama muuza vitenge; wazazi wake walivuka Ruvuma zamani, yeye kazaliwa hapahapa, ila habari zake bado zinavuka mpaka kila wiki. Ya leo ni kwamba serikali inaleta sindano shuleni. Si kwa watoto wote, ni kwa wasichana, tena wa miaka kumi tu. Wala si nchi nzima, ni wilaya yetu na nyingine mbili za mbali huko. Akaniuliza, mimi mtu mzima mwenye akili zangu, kwa nini iwe sisi, na kwa nini iwe sasa, gesi ilipoonekana. Akajijibu mwenyewe: wanataka wasichana wetu wasizae, ili baada ya miaka ishirini ardhi yote kutoka hapa mpaka Palma isiwe na mtu wa kuidai.

Nilicheka kidogo. Alipoondoka sikucheka tena. Nimeyaona magari meupe yanavyopita, nimewaona watu wakipiga vigingi kwenye mikorosho ya wenyewe bila hata hodi. Mtu anayeweza hilo, sijui lipi jingine litamshinda.

Jumapili, 11 Mei

Manyunyu asubuhi, jua adhuhuri. Kanga za Haula kambani.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimefanya jambo, na najisifu.

Mimi ndiye nyakanga wa mtaa huu. Kwa miaka ishirini na sita wasichana wa hapa wameingia unyago mikononi mwangu, na mama zao wengine vilevile. Unyago wa hawa wadogo ni mdogo: usafi, adabu, mwili unavyokua na namna ya kuutunza. Ya ndoa yana siku zake, miaka mingi mbele. Ya ndani hayaandikwi, lakini la nje kila mtu analijua: msichana akishafungwa uzi mweusi mkononi, ameitwa, na mwali aliyeitwa haguswi na chuma mpaka siku ya kutoka. Hakati kucha, hanyolewi, hashiki kisu.

Uzi naufunga mavuno yakiisha. Mwaka huu nimeufunga leo, na mpunga mwingi bado uko bondeni. Wasichana kumi na mmoja, Laila wangu wa kwanza, binti yake Kurwa wa pili. Sindano ni chuma. Waje sasa na sanduku lao.

Mama zao walinishika mikono kwa shukrani. Kurwa kaniletea doti ya kanga, nami nimeipokea.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu Saide kanisimulia. Muuguzi wa chanjo, binti anaitwa Verónica, mtu wa kusini huko Inhambane, aliwapanga wasichana darasani. Wa mitaa mingine walichomwa. Wangu, kila aliyefika mezani alinyoosha mkono wenye uzi na kusema, "Nimeitwa." Wote kumi na mmoja wakarudi kwenye madawati.

Alasiri binti mwenyewe kaja kwangu, sanduku la barafu begani, tope mpaka magotini. Nilitarajia atasimama mlangoni kama watu wa ofisini. Akaketi mkekani, ingawa miguu aliinyoosha mbele kama mtoto wa kuogeshwa. Kiswahili chake ni cha kuokotaokota.

"Mamã Zubeida," akasema, "sikuja kugombana. Uzi unakatwa lini?"

Nikamwambia Idi ikipita, mwezi wa nane. Akahesabu kwa vidole. Masanduku yanarudi Pemba tarehe ishirini Juni, akasema. Aliyeanza ataletewa dozi zilizobaki, lakini asiyeanza hataanza. Mwakani wasichana hawa watakuwa na miaka kumi na moja, na yeye hajui kama chanjo hii itarudi tena. Nikamtakia safari njema.

Nilifurahi sana, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Haula amefua.

Jumatatu, 19 Mei

Jua hatimaye. Tumevuna wanawake sita. Magugu yamezidi mwaka huu, na kishona-nguo ndiyo mfalme wao: ukipita tu, mbegu zake zimekushona kutoka pindo mpaka kiunoni. Haula alivuna amekaa chini. Nikamtania kwamba Mtwara wamemfundisha uvivu. Wenzetu walicheka, yeye hakucheka.

Alhamisi, 22 Mei

Haula hakuja shambani. Anasema mgongo.

Jumamosi, 24 Mei

Sijui nianzie wapi.

Leo alikuja. Tulipumzika juu ya rundo la majani ya mpunga, tukala mihogo, nikamwambia twende tukamalizie upande wa mashariki. Aliinuka kwa shida. Pale alipokuwa amekaa, majani yalikuwa mekundu.

Nilidhani amejikata na kisu. Nikamtafuta jeraha mkononi, mguuni, naye amesimama tu kama mtu anayepekuliwa. Kisha akasema taratibu kwamba si kisu. Ni tangu kabla ya Ramadhani iliyopita. Mwanzo ilikuwa siku mbili tatu nje ya siku zake, akadhani ni umri, kwa vile ana miaka arobaini na mitatu. Sasa haina siku.

Karibu mwaka mzima. Zile kanga. Kila siku niliyonung'unikia sabuni, mdogo wangu alikuwa anafua damu yake mbele ya macho yangu, na mimi nahesabu miche.

Neno la kwanza lililonitoka halikuwa pole. Nimeapa katika daftari hili sidanganyi, kwa hiyo naliandika. Nilimwuliza, "Umeleta nini kutoka Mtwara?"  Akajifunga kanga ya pili juu ya ya kwanza, akashika njia ya nyumbani peke yake.

Jumanne, 27 Mei

Nimempeleka kituo cha afya. Nilitaka mtu mwingine, yeyote, lakini chumba cha wanawake kilikuwa na Verónica, naye ndiye aliyetuita. Hakunikumbusha uzi. Alimshika Haula mkono, akamwita mamã, akamweleza kila kitu kabla ya kukifanya. Walimpaka siki ndani, siki hii hii ya kachumbari. Palipo pazima hapabadiliki. Palipo pabaya panageuka peupe. Kwa Haula palikuwa peupe, na pana kidonda. Verónica kasema mlango wa kizazi unaumwa, na haraka iwezekanavyo aende hospitali ya Pemba wakampime nyama na kuona ugonjwa umefika wapi.

Haula alipokuwa anavaa, nilimvuta binti pembeni nikamwuliza ni mwanamume yupi aliyemletea. Alinawa mikono kwanza.

"Ni kirusi, mamã, kile kile kinachozuiwa na sindano ya shuleni. Karibu kila aliyewahi kuolewa amekutana nacho. Wengi mwili unakifukuza wenyewe, hawajui hata kama walikuwa nacho. Kwa wachache kinakaa, miaka kumi, ishirini, ndipo kinafanya hivi. Ukianza kumtafuta wa kumlaumu, utarudi mpaka kwenye harusi ya kwanza."

Harusi ya kwanza ya Haula ilikuwa akiwa na miaka kumi na tisa. Mume nilimchagua mimi. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikamngoja.

Baadaye nilirudi ndani. Nikamwambia, ile sindano uliyowaletea watoto ambao hawaumwi, mpe huyu anayeumwa. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Akatikisa kichwa, akasema haitamsaidia. Hapo nilipandisha sauti kwamba dawa gani hiyo inayomkimbia mgonjwa. Akafunga mlango, akachukua karatasi, akachora. Naandika kama nilivyoelewa, kwa sababu usiku sitapata usingizi bila kuliweka mahali.

Mwili, alisema, umepangwa tabaka juu ya tabaka, na chini kabisa kuna utando, kama mkeka, uliokaliwa na seli changa. Kirusi hakipiti kwenye ngozi nzima. Kinangoja mkwaruzo, hata ule usioonekana kwa macho, kishuke mpaka kwenye mkeka. Kinashika mkeka kwanza. Kikishashika kinajigeuza, ganda lake linafunguka kidogo, ndipo kinahamia kwenye seli, na seli yenyewe inakivuta ndani.

Sindano haina kirusi. Ina ganda lake tu, tupu, ndani hamna kitu. Mwili ukiliona ganda hilo unatengeneza kingamwili, vitu vidogo mno vinavyokaa kwenye damu vikilijua ganda lile na si jingine. Siku kirusi chenyewe kikija, kingamwili zinachuruzika na majimaji pale penye mkwaruzo, zinakivaa pande zote. Kikishavaliwa hakiwezi kuushika mkeka. Na kama kimeushika, kinakwama hapo, hakihamii kwenye seli.

"Na kilichokwisha ingia?" nikauliza.

"Kilichokwisha ingia kimeingia. Kingamwili hazikifuati ndani ya seli. Ndiyo sababu tunawachoma wa miaka kumi, mamã. Mapema, kabla hakijawahi kuwakuta."

Tulirudi nyumbani na Haula. Mlangoni Laila alitupokea mizigo. Nikauona uzi mweusi mkononi mwake, fundo langu mwenyewe, nililolikaza vizuri.

Alhamisi, 29 Mei

Sikwenda shambani. Haula amelala. Nimemwomba radhi, akasema yameisha, lakini aliugeukia ukuta aliposema.

Ijumaa, 30 Mei

Mimi si mtu wa kuamini karatasi. Lazima kitu nikishike.

Leo bondeni nilichuma kishona-nguo zilizokauka, nikajaza kikombe. Nilikuwa na uji mzito wa mchele uliobaki. Kwanza niliupaka uji kwenye kipande cha kanga kuukuu, nikatupia mbegu. Zikashika zote, tena kwa raha. Nikajiona mjinga na binti yule mwongo.

Halafu nikakumbuka. Hakusema kingamwili zinakaa kwenye mkeka. Alisema zinakivaa kirusi chenyewe. Basi nikazikoroga mbegu ndani ya uji, nikazianika mpaka zikakauka kidogo, kila mwiba umevaa koti. Nikazitupia kwenye kanga kavu. Zikaanguka. Nikatupa tena, zikaanguka. Nikajaribu uji mwepesi: hizo nyingine zilinasa kwa ncha, zimening'inia juujuu, na nilipokung'uta kanga zikadondoka, hazikuingia kwenye uzi wa kitambaa.

Mwisho nilichukua kile kipande cha kwanza chenye mbegu zilizokwisha shika, nikamimina juu yake uji wote uliobaki. Nikangoja. Nikakung'uta. Nilichopata ni kitambaa kichafu chenye mbegu zake zilezile.

Nilikaa palepale nikalia mpaka Mwanamkuu, jirani yangu wa shamba, akaja kuuliza nani kafa.

Jumatatu, 2 Juni

Nimempelekea Verónica kikombe na kitambaa. Nilimwonyesha mezani, kati ya makaratasi yake. Alicheka mpaka akashika meza, kisha machozi yakamlengalenga. Akasema ndivyo, hata zile zilizoning'inia ndivyo, na kwamba chuoni walimsomesha jambo hili wiki nzima kwa picha.

Alhamisi, 5 Juni

Niliwaita mama kumi wa wasichana. Nikawaambia nilikosea, watoto wachomwe kabla ya tarehe ishirini. Walinitazama kama nimevua nguo. Kurwa ndiye aliyejibu. Kwamba uzi nimeufunga mwenyewe, na kwa mdomo huu huu nimewaambia chuma ni mwiko. Mwiko unaoweza kuvunjwa na aliyeuweka, aliuliza, ni mwiko au ni mchezo? Na mwali akikatiwa uzi kabla ya kutoka, nani atamwoa?

 Angekuwa mwingine ndiye kafanya nilivyofanya, ningemwuliza hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi.

Mwalimu Saide kanishauri nikate tu nyuzi, mwiko ni wa kizamani. Nikamwambia arudi shuleni kwake.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua imekwisha kabisa. Upepo wa kusi, asubuhi baridi. Haula hafui sasa, Laila anamfulia. Gari la Pemba tumelipata la Jumatatu tarehe ishirini na tatu, mama yake Laila katuma nauli.

Jumatatu, 9 Juni

Nilikuwa nanoa wembe.

Siku ya kutoka, mwali hunyolewa. Anayemnyoa ni mimi, kwa wembe, ndani ya ua, uzi ukiwa bado uko mkononi. Uzi hukatwa baadaye. Miaka ishirini na sita nimemgusa mwali kwa chuma na sijawahi kujiuliza. Basi mwiko si chuma. Mwiko ni chuma cha mgeni. Mkono wa mtu wa ndani haudhuru.

Niliuacha wembe, nikavaa, nikaenda kituo cha afya mchana kweupe bila hata kufunga mlango.

Jumatano, 11 Juni

Verónica ana miaka ishirini na tisa, ana cheti cha serikali, na kwao hawaingii unyago. Nilimweleza: anayeingia ndani lazima awe ameingizwa. Siwezi kumwingiza kwa jina tu, mama hawa si wapumbavu. Atakaa siku mbili na wasichana, atafungwa uzi, atakula nao sahani moja, atanyamaza wanaponyamaza. Huko ndani hatakuwa enfermeira, muuguzi wa serikali, atakuwa mwali, na mimi nitakuwa juu yake.

Aliuliza kama simu anaweza kubaki nayo. Nikasema hapana. Akasema atamwomba mkubwa wake ruhusa.

Ijumaa, 13 Juni

Wasichana wameingia ndani leo, kabla ya wakati, kwa sababu yangu. Mama zao wamekubali hilo, la sindano wamesema wataona. Mjini watu hawana habari nasi, wanazungumza mpira wa Brazil.

Jumatano, 18 Juni

Verónica kaja na kaniki aliyoazima. Nimemfunga uzi. Alipopiga magoti kunisalimu nusura aanguke, na wasichana waliokatazwa kucheka walicheka kwa mabega. Nikawaacha.

Alhamisi, 19 Juni

Ya ndani hayaandikwi. Naandika haya tu: kwamba hawezi kukunja miguu, mguu wake ulikufa ganzi mara nne na hakulalamika. Kwamba binti yake Kurwa, mwenye maringo kuliko wote, ndiye aliyemwonyesha kukalia kisigino. Kwamba nilimkaripia mbele ya watoto alipokosea, akainamisha kichwa kama wao. Nilidhani nitafurahi kumkaripia. Sikufurahi hata kidogo.

Ijumaa, 20 Juni

Leo ndiyo siku ya kutoka, na asubuhi mama wote walikuja uani. Wamesimama upande mmoja, Kurwa mbele, mikono kifuani. Masanduku yanaondoka saa nane. Wasichana kumi na mmoja wameketi, Verónica wa kumi na mbili kati yao, na sanduku lake la barafu nyuma yake kivulini.

Katika unyago kila somo lina kitu chake na wimbo wake. Nilikuwa na vikombe viwili vya kishona-nguo, kimoja kikavu, kimoja kimevaa uji. Wimbo niliutunga jikoni kwa siku tatu. Kilichobaki ni nguo ya kutupia. Nilikuwa nimeiweka tayari ile kanga mpya ya Kurwa, nikaikunjua.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Haula hakuwa ametoka kitandani tangu juzi. Alitembea akishika ukuta, akaja mpaka katikati ya ua, akajifungua kanga ya juu, ile ya njano iliyopauka kwa kufuliwa. Akaniwekea mapajani.

"Tumia yangu, dada," akasema.

Nilitaka kukataa. Hakuniachia nafasi, alikwisha kaa chini pembeni mwa wasichana.

Nikaimba, wakaitikia. Nikatupa mbegu kavu kwenye kanga ya njano, zikashika zote. Nikatupa zenye koti, zikaanguka mchangani, nikazitupa tena, zikaanguka tena. Nikawaambia ganda tupu ni nini, na mwili unajifunzaje koti la kumvisha adui, na kwamba koti linavaliwa na adui na si na sisi. Binti yake Kurwa alinyoosha mkono. Mwali hasemi, lakini nilimruhusu.

"Na hizi zilizokwisha shika?"

Nilikuwa na uji bakulini tayari kwa swali hilo. Sikuweza kuumimina.  Haula akalichukua bakuli kutoka kwangu, akamimina mwenyewe juu ya kanga yake, akaiinua, akaikung'uta mbele ya macho yao yote. Uji ulidondoka. Mbegu zilibaki.

"Hizi ndizo nilizonazo mimi," akasema. Aliwaambia watoto, lakini alikuwa anawatazama mama zao. "Mimi sindano hainifai tena. Jumatatu nakwenda Pemba, pengine watakitoa kizazi. Mnasema sindano inafunga uzazi. Ugonjwa huu ndio unaofunga uzazi, huu. Mimi nimeufua mwaka mzima kwa sabuni ya dada yangu, na nilikuwa naona haya kusema."

 Nilisogea nikakaa karibu naye, bega kwa bega, mbele ya watu wote, jambo ambalo nyakanga hafanyi siku ya somo.

Kurwa alikuwa wa kwanza. Hakusema neno, na mwenye kumjua Kurwa ataelewa uzito wake. Alimwendea binti yake, akampandisha mkono wa nguo, akamshika bega. Verónica akainuka na uzi wake mkononi, akafungua sanduku. Akaniuliza kwa adabu ya mwali kama aanze. Nikamwambia aanze na wangu. Laila akampa mkono uleule wenye uzi.

Wote kumi na mmoja. Kabla ya saa nane.

Nyuzi tumezikata jioni, niliponyoa. Wa kumi na mbili sikumnyoa, ana kazi ofisini. Nilimkata uzi tu. Aliniomba abaki na uzi wake.

Jumatatu, 23 Juni

Haula ameondoka alfajiri, Verónica amemwandikia barua ya huko. Kwenye dirisha la gari nilimwambia lile neno la bondeni lilikuwa neno baya kuliko yote niliyowahi kusema. Akasema, "Najua, dada. Lakini kwenye benchi la kituo cha afya ulikaa ukiningoja mpaka mwisho."

Jumatano, 25 Juni

Sikukuu ya uhuru. Dozi ya pili nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani, na mwakani uzi sifungi mpaka niulize kwanza.

Jumamosi, 28 Juni

Watu wako nje wanatafuta mwezi. Mimi niko kizingitini na kanga ya njano.

Haula kapiga simu. Nyama imepimwa. Ugonjwa upo, ni saratani, lakini madaktari wanasema wanadhani haujatoka nje ya kizazi. Watampasua Jumanne, au watampeleka Nampula akapasuliwe huko. Zaidi ya hapo hawajui, na yeye hajui. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaniuliza kama kanga yake nimeshaifua.

Nilimwambia bado, kwanza naichambua. Mbegu zilizoshika hazitoki kwa uji wala kwa kukung'utwa. Zinatoka kwa kucha, moja moja, polepole, na nyingine zinaondoka na uzi wa kitambaa. Laila amekaa upande wa pili wa kanga, anachambua naye. Tumeanza alasiri na hatujafika katikati.

Akasema basi tusiharakishe tusije tukaichana. Nikamwambia hatuharakishi. Akirudi ataikuta kambani.